Sura ya Tano: Shilingi ya Waziri

Mgeni anayekaa jukwaani kwa mara ya kwanza pale Dodoma, tena siku ya bajeti ya wizara, huanza kupotea jioni. Mchana kutwa amefuatilia vizuri: Waziri kasoma hotuba, wabunge wamechangia, karibu wote wameanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumaliza kwa kuunga mkono hoja asilimia mia moja. Halafu Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi, Spika anaacha kuitwa Spika na kuwa Mwenyekiti, na Katibu anaanza kusoma kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa ghalani. Fungu 49, Wizara ya Maji. Kifungu 1001, Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu.

Hapo ndipo ukumbi unapoamka. Mbunge anasimama na kusema kwamba jimboni kwake kuna kisima kilichokabidhiwa kwa mbwembwe, kikakatiwa utepe, na mpaka leo hakijatoa ndoo moja. Asipopata maelezo ya kuridhisha, anakusudia kutoa shilingi.

Shilingi yenyewe ni ya kweli. Mshahara wa Waziri umo ndani ya kifungu hicho, na kanuni zinamruhusu mbunge kupendekeza upunguzwe kwa shilingi moja. Utaratibu tuliurithi kwa Waingereza, ambao wao walikuwa wakikata pauni 100; sisi tukaona shilingi inatosha. Hakuna anayetaka Waziri alale njaa. Maana yake ni kumwambia mbele ya watu: kazi hii hujaifanya, na sisi ndio tunaoshika mfuko. Shilingi ikishatolewa, wengine husimama kuunga mkono au kupinga, Waziri anajieleza, na mwisho mbunge anaulizwa kama ameridhika. Mara nyingi mno ameridhika. Ameahidiwa kwamba wataalamu watafika jimboni baada ya Bunge, anashukuru, anarudisha shilingi, anakaa. Muda ukiwa umekwisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo, kitu ambacho wenyewe wanakiita gilotini. Wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyooo. Waliosema ndiyo wameshinda.

Nimeitazama shilingi hii ikitolewa na kurudishwa kwa miaka mingi, na sura hii inahusu nyakati chache ambazo haikurudishwa. Kila nilipozichunguza, nilikuta kwamba Katiba haikuwa na mkono mkubwa ndani yake.

Anza na giza la mwaka 2006. Mvua zilikosekana, maji ya bwawa la Mtera yakashuka, na mgawo wa umeme ukawa ndio ratiba ya maisha. Vinyozi walinyoa upande mmoja wakasubiri. Mama lishe waliokuwa wakiuza juisi waliacha, kwa sababu barafu ilikuwa inayeyuka kabla ya wateja kutoka kazini. Katika hali hiyo serikali ikaingia mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni iliyoitwa Richmond. Mitambo haikuja kwa wakati. Ilipokuja, mvua zilikwisha kurudi, na mkataba ulikuwa umehamishiwa kampuni nyingine, Dowans.

Novemba 2007 Bunge likaunda Kamati Teule ya watu watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Wanne walikuwa wa CCM, mmoja wa CUF. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo. Miezi michache kabla yake, Agosti, Zitto Kabwe, kijana wa upinzani kutoka Kigoma Kaskazini, alikuwa ameomba iundwe kamati kama hiyo kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliotiwa saini London. Jibu alilopata ni kusimamishwa ubunge hadi Januari mwaka uliofuata, kwa madai ya kusema uongo bungeni. Bunge lilikuwa lile lile, Spika yule yule Samuel Sitta, ibara zile zile.

Taarifa ya Mwakyembe ilisomwa tarehe 6 Februari 2008. Siku ya pili yake nilikuwa Kariakoo, katika duka la vipuri vya pikipiki, nikitafuta kitu ambacho hata sikumbuki kama nilikipata, maana mwenye duka alikwisha acha kuuza. Redio ilikuwa juu ya kaunta, kati ya boksi la plagi na daftari la madeni, na watu wasiopungua kumi walikuwa wamesimama mlangoni bila kununua chochote. Edward Lowassa, Waziri Mkuu, alisimama akasema amemwandikia Rais kuomba kujiuzulu. Mtu mmoja akasema, “Rudia.” Kana kwamba redio ingemsikia.

Pamoja naye waliondoka Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, wawili walioshika Wizara ya Nishati kwa nyakati tofauti katika sakata hilo. Baraza la Mawaziri likavunjika, na ndani ya siku mbili nchi ikawa na Waziri Mkuu mwingine, Mizengo Pinda. Lowassa aliondoka akilalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji, na mimi nasema lalamiko hilo lilikuwa na uzito. Mtu hahukumiwi kwa maandishi wakati ofisi yake iko hatua chache kutoka ofisi ya wanaomwandika. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa na hamu ya kusikia habari za haki ya kusikilizwa.

Tulisema Bunge limekomaa. Sitta alikuwa na kaulimbiu yake, kasi na viwango, na tuliiamini. Leo nikiirudia ile wiki naona mambo mengine. Televisheni ya taifa ilikuwa inaonyesha kila kitu moja kwa moja. Spika alitaka kuacha jina. CCM yenyewe ilikuwa imepasuka vipande viwili tangu kinyang'anyiro cha urais cha 2005, na kipande kimoja kilifurahi kuona cha pili kikianguka. Na Rais Jakaya Kikwete, ambaye angeweza kuikataa barua ya rafiki yake, aliipokea. Ukiondoa lolote kati ya hayo, ninaamini taarifa ya Mwakyembe ingekaa kabatini na ndugu zake wengine.

Ushahidi ni yaliyofuata. Bunge lilipitisha maazimio 23. Yalitekelezwa kwa kusuasua, wahusika wengine wakapewa likizo za kustaafu, na Februari 2010 mjadala ukafungwa rasmi. Novemba mwaka huo huo, mahakama ya usuluhishi ya ICC iliiamuru TANESCO kuilipa Dowans zaidi ya shilingi bilioni 90. Mwezi huo huo chama kikaamua kwamba safari hii wagombea wa uspika wawe wanawake. Sitta akakaa pembeni, Anne Makinda akashika kiti. Lilikuwa jambo jema kwa wanawake wa Tanzania, na lilikuwa pia njia ya adabu ya kumwonyesha mtu mlango.

Escrow ya mwaka 2014 ilikuwa na sura nyingine lakini mifupa ile ile. Fedha zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimewekwa Benki Kuu katika akaunti ya Tegeta Escrow, zikisubiri mgogoro wa TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL uamuliwe. Zikatoka. Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, ikiongozwa na Zitto yule yule aliyefungiwa mwaka 2007, akiwa na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM, ilileta taarifa tarehe 26 Novemba. Ukumbini zilisimuliwa habari za watu waliokwenda kuchukua fedha benki wakiwa na mifuko ya sandarusi, na mitaani neno “mboga” likapata maana mpya, pale ilipojulikana kuwa kuna mtu ambaye fedha ya mboga kwake ni mamilioni.

Bunge likaazimia, na safari hii Rais hakuwa na haraka. Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu katikati ya Desemba. Tarehe 22 Kikwete aliwaita wazee wa Dar es Salaam, akaeleza kwamba kwa maelezo aliyoyapata fedha zile hazikuwa za umma, akamwondoa Profesa Anna Tibaijuka kwa suala la maadili, na kuhusu Profesa Sospeter Muhongo wa Nishati akasema wamemweka kiporo. Sijui kama kuna lugha nyingine duniani ambamo waziri anaweza kuwekwa kiporo na kila mtu akaelewa. Kiporo kilimwagwa Januari 2015, Muhongo alipojiuzulu. Desemba ya mwaka huo huo, Rais mpya John Magufuli alimteua tena, wizara ile ile ya nishati. Shilingi ilirudishwa, ila safari hii hata mbunge aliyeitoa hakuulizwa kama ameridhika.

Mwezi mmoja baadaye, Januari 2016, serikali ikatangaza kwamba televisheni ya taifa haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Wapinzani walipiga kelele, askari wakaingia ukumbini. Nadhani hakuna uamuzi uliolipunguza nguvu Bunge letu kuliko huo, na haukugusa hata nukta moja ya Katiba. Mwenye duka wa Kariakoo hakuwa na sababu tena ya kuacha kuuza.

Kisa kinachofuata ningekisoma katika riwaya ningesema mwandishi amezidisha chumvi.

Desemba 2018 Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), alihojiwa New York na idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa. Aliulizwa inakuwaje ripoti zake zinaonyesha ubadhirifu na hakuna kinachotokea. Akajibu kwamba kwake yeye huo ni udhaifu wa Bunge. Neno hilo moja, udhaifu, lilitosha. Spika Job Ndugai alimwita mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na kumwonya kwamba asipokuja mwenyewe atakuja kwa pingu. Alikuja mwenyewe, Januari 21. Aprili 2, 2019, Bunge likaazimia kutofanya kazi naye.

Fikiria maana yake. CAG ndiye jicho la Bunge. PAC bila ripoti yake ni kama fundi saa aliyevuliwa miwani. Na Bunge, kwa kura zake lenyewe, likaamua kulipofua jicho lake kwa sababu lilikuwa limesema linaona vibaya. Novemba mwaka huo Assad aliondolewa kipindi chake cha miaka mitano kilipokwisha, ingawa Katiba inataka CAG akae mpaka umri wa kustaafu. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa huko kulikuwa kinyume cha Katiba. Aliyeteuliwa badala yake aliendelea na kazi.

Ndugai hakuwepo kitini kuisikia hukumu hiyo. Mwishoni mwa Desemba 2021 alisema hadharani kwamba serikali inakopa mno na iko siku nchi itapigwa mnada. Ukitaka kusema haki, hiyo ndiyo kazi ya Spika wa Bunge lenye jukumu la kuisimamia serikali. Akaomba radhi Januari 3. Siku iliyofuata Rais Samia Suluhu Hassan alimsema mbele ya kamera. Januari 6 akajiuzulu, na barua akaielekeza kwa Katibu Mkuu wa chama chake. Wanasheria walibishana kama alipaswa kumwandikia Katibu wa Bunge. Mimi niliona yeye alijua vizuri kuliko wao barua inatakiwa iende wapi.

Sasa tuifungue Katiba yenyewe. Ibara ya 63 inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri serikali. Wabunge wanaipenda ibara hii kama mtu anavyopenda picha yake ya ujanani. Lakini ibara ya 62, iliyo mlangoni kabla yake, inasema Bunge lina sehemu mbili, na ya kwanza ni Rais. Ibara ya 55 inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge. Kikwete alipounda baraza lake la kwanza mwaka 2006, mawaziri na manaibu walifika karibu 60; katika ukumbi wa wabunge 320 na ushei, karibu mmoja katika kila watano alikuwa ndiye anayesimamiwa. Waliobaki wanajua kuwa kuna mabadiliko ya baraza yanakuja, na hakuna anayetaka kukumbukwa kwa kukamata shilingi.

Ibara ya 71 inakamilisha kazi: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwenda. Jinsi inavyotumika ni somo peke yake. Julai 2017 wabunge 8 wa viti maalumu wa CUF walivuliwa uanachama na upande mmoja wa chama kilichokuwa kimegawanyika, na Spika akatangaza ndani ya siku chache kwamba viti vyao viko wazi. Novemba 2020 CHADEMA iliwafukuza wanawake 19 walioapishwa kinyume cha matakwa yake. Hao walibaki. Zaidi ya kubaki, PAC na LAAC, kamati mbili za hesabu ambazo kwa utaratibu huongozwa na upinzani, zilipata wenyeviti kutoka kundi hilo hilo.

Halafu kuna ibara ya 90. Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Watu wengi hukomea hapo, lakini ibara ya 38 inasema Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho kiko wazi na uchaguzi unafanyika. Kwa hiyo ni bomu lililofungwa viunoni mwa wawili. Tofauti ni kwamba mmoja ana chama nyuma yake kinachopitisha majina ya wagombea, na mwingine ni mbunge wa kawaida mwenye mkopo wa gari.

Tume ya Jaji Joseph Warioba iliyaona haya yote. Ilizunguka nchi kuanzia 2012, ikakaa na watu chini ya miembe na katika kumbi za shule, na rasimu yake ya pili ya Katiba mpya, iliyokabidhiwa Desemba 30, 2013, ilikuwa na mambo ambayo wananchi waliyasema kwa maneno yao. Waziri asiwe mbunge. Mbunge asikae zaidi ya vipindi vitatu. Wapiga kura wawe na haki ya kumrudisha nyumbani kabla ya miaka mitano. Vyombo vya habari viling'ang'ania serikali tatu, na kwa kweli ndizo zilizoivunja meza, lakini mimi nilidhani moyo wa rasimu ulikuwa huku kwingine, kwenye mambo madogo yaliyomgusa mheshimiwa mmoja mmoja pale alipokaa.

Na nani aliitwa kuijadili? Waheshimiwa wenyewe. Bunge Maalum lililoanza Februari 18, 2014 lilikuwa na wabunge wote wa Muungano, wawakilishi wote wa Zanzibar, na watu 201 walioteuliwa na Rais. Ni sawa na kuwaita madereva wa daladala wapige kura kuhusu nauli. Mwenyekiti alikuwa Samuel Sitta, makamu wake Samia Suluhu Hassan. Machi 21 Rais alikuja kuhutubia na kuzisemea serikali mbili. Aprili 16 wapinzani walioungana chini ya jina la UKAWA walitoka nje na hawakurudi. Oktoba 2 Katiba Inayopendekezwa ikapita. Serikali tatu zilikuwa zimerudi kuwa mbili, ukomo wa vipindi vya ubunge umeondoka, haki ya kumrudisha mbunge imeondoka, na mawaziri wanaendelea kuwa wabunge. Mwenyekiti wa kamati ya uandishi alikuwa Andrew Chenge; mwezi uliofuata jina lake lilisomwa katika taarifa ya PAC miongoni mwa waliopokea fedha zinazohusishwa na Escrow.

Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haujakamilika. Magufuli akasema Katiba mpya si kipaumbele chake. Kikosi kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala kilipendekeza mwaka 2022 mchakato ufufuliwe.

Rafiki zangu wa Nairobi husema tatizo letu ni kuchelewa tu, kwamba wao Katiba yao ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni na mambo yakanyooka. Nawasikiliza kwa heshima. Lakini Juni 25, 2024 Bunge la Taifa la Kenya, lisilo na waziri hata mmoja mwenye kura ndani yake, liliupitisha Muswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Vijana wakavunja uzio na kuingia ndani saa hiyo hiyo, kukiwa na risasi na vifo nje. Siku iliyofuata Rais William Ruto alisema hatautia saini. Aliyeikatalia serikali siku ile hakuwa mbunge. Bado ningechukua ibara zao kesho asubuhi, ila ningezichukua nikijua kwamba mbunge anaweza kukaa mbali na uwaziri na akaendelea kuipigia ndiyo simu ya Ikulu.

Mara ya mwisho nilipokaa jukwaani, nikiwa nimeacha simu mapokezi kama sheria inavyotaka, nilimwona mtu ninayemfahamu kwa sura. Miaka mingi kabla ya hapo, kwenye ukumbi huo huo, nilimsikia akikamata shilingi ya Waziri kwa ukali wa kutisha, habari ya barabara ya jimboni kwake, mpaka Mwenyekiti akamsihi. Siku hii alikuwa mbele, kwenye benchi la serikali, na mbunge kijana wa nyuma alikuwa ameikamata yake, habari ya barabara vilevile. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akamwomba kijana wa watu amrudishie shilingi yake, na kumwahidi kwamba wataalamu watafika jimboni baada ya Bunge.